Ua la Mbooni Nyuma ya Jiko la Mutomo

Wiki iliyopita tulimzika fundi wa baiskeli wa Mutomo, jirani yangu wa miaka ya sabini nilipokuwa mwalimu huko. Simtaji jina, maana angenicheka. Alikuwa mtu wa mizaha, ila jambo moja lilimtisha: kuachwa na mkewe.

Mke huyo alitoka juu milimani Mbooni, kwenye ukungu na baridi. Alipoolewa alikuja na kiazi cha ua jekundu linaloota lenyewe chini ya miti ya mipodo ya msitu wa kule, akakipanda nyuma ya jiko. Majirani wakamcheka, kwamba Mutomo hata mbuzi wanalilia kivuli. Akamwambia mumewe, "Hii ua ikikataa kuota mvua ikirudi, na mimi narudi kwetu." Alisema akitabasamu, lakini mume hakuliona tabasamu.

Kiangazi kilipoingia majani yakanyauka, kama yanavyonyauka kila mwaka hata huko Mbooni, kiazi kikipumzika chini ya udongo. Fundi hakulijua hilo. Sisi watu wa nchi kavu tunaamini maji yanatibu kila kitu. Kila alfajiri akawa anachota maji kwenye mchanga wa mto na kulimwagia ua kwa siri, mpaka kiazi kikaoza.

Ikabidi apande Mbooni kutafuta kingine, na nyumbani kwa wakwe akamkuta mama mkwe peke yake. Kwa adabu yetu Wakamba, wawili hao hawatazamani wala hawasemezani ovyo. Fundi akasimama nje ya uzio wa miti, akaiambia baiskeli yake kwa sauti, "Tumeozesha ile maua. Tukirudi mikono mitupu tutaachwa." Ndani, mama mkwe akamgeukia ng'ombe wake. "Wewe, ukienda msituni, pale mpodo ulianguka maua ni mengi. Na wacha kukunywa maji hivyo, utaoza." Fundi alinisimulia hayo akicheka mpaka spana ikamponyoka.

Mvua ilipokuja, ua alilolipanda upya kwa siri lilichanua. Mke alijua yote, akajifanya hajui. Siku hizi tunaambiana kila jambo usoni, na sioni ubaya. Ila heshima ile ya kumsaidia mtu bila kumwaibisha, hiyo naikosa sana.

Baada ya mazishi, mwanawe mkubwa alimuuliza mama kama sasa atarudi Mbooni kwa ndugu zake. Ni kiangazi, na nyuma ya jiko palikuwa na udongo mtupu. "Tungoje mvua," akasema. "Ikiota, nakaa." Kijana akainuka upesi na kikombe cha maji.

"Ukimwaga hapo," mama akamwambia, "ni wewe umenifukuza."

Nikaona kwamba kumpenda mtu ni pamoja na kumwacha apumzike. Tulicheka sote, na yale maji nikayanywa mimi.