Karani Anayehesabu Moshi

Karani wa kijiji haamini daftari la wilaya hata kidogo. Asubuhi za baridi, kabla hajafungua ofisi, husimama kwenye daraja kati ya Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, akahesabu dohani zinazotoa moshi, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali. Nyumba zilizofungwa anazipita bila kuzitazama. Wilaya imeshasema: nyumba zenye watu zikiwa chini ya thelathini, basi la Jumanne halipandi tena mlimani. Vidole vyake vinanata gundi siku zote, kwani ndiye anayebandika kwenye mageti karatasi za misiba zenye picha za marehemu. Kila pembe huilainisha kwa kidole gumba, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

Leo Mzee Genadi, mchunga mbuzi, amemkuta hapo darajani.

"Ngapi leo, dada?"

"Thelathini."

"Thelathini zipi? Tsonka si tumemzika Jumapili! Au kafufuka kuchemsha chai?"

Karani hakugeuka. Juu ya paa la Tsonka moshi ulikuwa unapanda, mzito, mweusi.

"Nyumba ikipoa, kuta hupasuka, Mzee," alisema, akiitumbukiza mifukoni mikono yake iliyojaa masizi.

Mzee aliitazama ile mifuko, akautazama moshi, akawapigia mbuzi wake mluzi.

"Kesho pitia kwangu uchukue kuni kavu," alisema akiondoka. "Tsonka hakuwahi kutoa moshi mchafu namna hiyo."