Siku Nilipozipiga Namba Kura za Siri

Naomba nikiri mapema, kabla hamjaisikia kwa Chitanda ambaye kila akiisimulia anaongeza chumvi: ni kweli, mtu aliyesimama mbele ya wasomi thelathini na sita na kumjulisha mume wa watu kwamba mkewe hakumpigia kura ni mimi. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimelishwa kitu. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu, nimechomekea, na mezani nilikuwa nimepanga kalamu tatu, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu huo huo ndio ulioniponza.

Wengi mnanijua kama Fundi Mussa wa Chang'ombe, mwenye karakana ya kujalidi vitabu na kuchapa vitabu vya risiti. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyapata kwenye vitabu vya wateja, maana kitabu kikiletwa kimevunjika mgongo siwezi kukishona kabla sijakipitia (wale ambao vitabu vyenu vilichelewa, samahanini, sasa mmejua sababu). Ndivyo nilivyoipenda historia, nikaanza kuulizia visima vya zamani vya Temeke, nani alichimba kipi na mtaa ukapataje jina lake, nikajaza madaftari, na mwishowe chama chetu cha watafiti wa historia ya mitaa kikanipokea. Kilinipokea nusu nusu, lakini. Katiba inasema asiye na shahada anaanza kama mwanachama mshiriki: anahudhuria, anachangia hoja, anakunywa chai, ila hapigi kura, na akishachapisha utafiti wake kwenye jarida la chama, mkutano mkuu unaweza kumthibitisha kuwa mwanachama kamili kwa theluthi mbili ya kura. Utafiti wangu wa visima ulikuwa umetoka. Jina langu lilikuwa kwenye ajenda ya siku ile, ajenda namba saba, na msinicheke nikisema niliisubiri kwa miaka tisa.

Ajenda namba sita ilikuwa kumchagua mwenyekiti mpya. Mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda wake, Mama Mwanahawa, mwalimu mstaafu mwenyeji wa Temeke ambaye akikutazama juu ya miwani unakumbuka kazi zote za nyumbani ambazo hukufanya, alinipigia simu wiki moja kabla.

"Fundi, nataka usimamie uchaguzi."

"Shikamoo, Mama. Mimi?"

"Marahaba. Wewe. Huna kura, kwa hiyo huna upande. Na hiyo katiba unaijua kuliko sie tulioiandika."

(Naijua kweli, niliipanga herufi na kuijalidi mwenyewe, jalada la kijani.) Nilipokata simu nilitembea karakana nzima nikitabasamu peke yangu, nikijiambia kwamba nikiusimamia uchaguzi huu bila doa, ajenda namba saba itapita kama maji.

Sasa sikilizeni kosa lilikoanzia. Uchaguzi uliopita kura zilizokutwa kwenye ndoo zilizidi watu waliokuwa ukumbini, hakuna aliyeiba, ni karatasi tu zilishikana na watu wakapewa mbilimbili, lakini wasomi walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikasema hilo halitatokea mikononi mwangu. Na fundi wa risiti akitaka kitu kisiibiwe anafanya nini? Anakipiga namba. Karakanani ninayo ile mashine ndogo ya chuma ya kupigia namba, ukiigonga inajisogeza yenyewe, moja, mbili, tatu, na nimeitumia miaka ishirini kiasi kwamba nikiona karatasi isiyo na namba naiona kama mtu aliyetoka bila viatu. Nikakata karatasi nzuri za kura, nikazigonga namba kwa wino mwekundu kwenye kona, sifuri sifuri moja mpaka sifuri tatu sita. Kisha (hapa ndipo mke wangu huwa anafunika uso ninaposimulia) nikatengeneza daftari la kupokelea, lenye safu ya jina, safu ya namba ya karatasi aliyopewa, na safu ya sahihi. Nililipenda lile daftari. Nililionyesha hata kwa muuza juisi wa jirani.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa shule iliyo jirani na karakana. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni Dokta Kalembo wa chuo, mpole, anayezungumza kama anaomba radhi. Mwingine ni Mwalimu Seif wa Mbagala, mchangamfu, ambaye tangu saa tatu alikuwa anasalimia watu kwa mikono miwili kama mwenye harusi. Mkewe, Bi. Asha, naye ni mwanachama, mtafiti mzuri sana wa ngoma za wanawake. Na Chitanda, mchongaji wa Mwenge anayeandika historia ya uchongaji, ndiye aliyempendekeza Mwalimu Seif, tena kwa hotuba ndefu yenye sifa ambazo Mwalimu mwenyewe alikuwa anazisikia kwa mara ya kwanza.

Watu wakapanga foleni. Kila mmoja nilimwandika jina, nikamwandika namba, akasaini, akachukua karatasi yake, akaenda pembeni kuandika jina la anayemtaka, akaitumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko nilioutoboa. Hakuna aliyelalamika. Chitanda peke yake ndiye aliyeitazama karatasi yake na kusema, "Kumi na tano. Fundi, hii kura ama risiti ya sementi?" Watu wakacheka, nikacheka nami, nikaona ni sifa.

Kuhesabu. Mwenye akili angefungua kura moja moja na kutaja jina tu. Mimi nilizifungua zote kwanza, nikazipanga kwa namba zake, moja hadi thelathini na sita, nikaona hakuna iliyopotea wala iliyozidi, na moyo wangu ukatulia kwa raha ambayo siwezi kuwaelezea nyinyi msiopenda mpangilio. Kisha nikasimama, na kwa ajili ya uwazi (neno hili siku hizi nikilisikia natafuta mlango) nikaanza kusoma namba na jina.

"Namba moja, Mwalimu Seif. Namba mbili, Dokta Kalembo. Namba tatu, Mwalimu Seif."

Sauti ilikuwa nzuri, wala sikukwama. Nikafika kumi na nne, nikafika kumi na tano.

"Namba kumi na tano, Dokta Kalembo."

"We Fundi!" Chitanda aliruka kitini kama amekalia msumari. "Hiyo si yangu hiyo? Mbona unanianika?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, maana aliyempendekeza Mwalimu Seif kwa robo saa nzima ndiye huyo aliyempa mwingine. Mwalimu Seif akageuka. "Chitanda! Hotuba yote ile?"

"Hotuba ilikuwa nzuri, Mwalimu. Ilinigusa hata mimi. Lakini kura nayo ina mambo yake."

Kicheko kikazidi, na mimi katika kicheko kile, badala ya kusimama na kufikiri, mkono ulishafika kwenye karatasi inayofuata na mdomo ukaufuata mkono.

"Namba kumi na sita, Dokta Kalembo."

Kicheko kikakatika, kilianza kukatika mbele kikaishia nyuma. Mwalimu Seif aliinua karatasi aliyokuwa akiandikia hesabu ya kura zake, akaitazama, akaniambia taratibu sana, "Fundi, mie nilikuwa namba kumi na saba."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwenye foleni, mbele yangu alikuwa mama watoto."

Sasa hapa, ndugu zangu, mtu mwingine yeyote duniani angesema amekosea, au angeanguka azimie. Mimi nilisema, "Tusihukumu kwa kukisia, ngoja nihakikishe," nikafungua daftari, nikashuka na kidole, na nikasoma kwa sauti ile ile, jina lake kamili, namba ya karatasi, nikaongeza na neno "sahihi ipo."

Mama Mwanahawa alivua miwani. Sijawahi kumwona akivua miwani.

Bi. Asha hakujificha. Alisimama, akaweka sawa mtandio wake. "Ndiyo, ni mimi. Na leo asubuhi nilimwambia asigombee. Akanijibu, watu wote watanipa. Mie nikasema moyoni, haya, mie siyo watu wote."

"Asha!"

"Nini? Vikao vya msikiti wewe, vya mtaa wewe, vya shule wewe. Ukiwa mwenyekiti wa hapa nitakuona lini, kwenye picha?"

Kina mama wawili wa nyuma walipiga makofi kidogo kisha wakajizuia. Wakati huo huo watu walishaanza kukumbuka namba zao, na kila aliyekwisha kusomwa alikuwa anatafutwa kwa macho, na kila ambaye hajasomwa alikuwa ananitazama nilivyoshika yale makaratasi kama mtu anavyomtazama nyoka. Mmoja akasema, "Namba tatu alikuwa Dokta Kalembo mwenyewe, nilikuwa nyuma yake. Kumbe kampa Seif!" Dokta Kalembo akasimama nusu, akasema kwa sauti yake ya kuomba radhi kwamba aliona si adabu mtu kujipigia kura, akakaa. Mwalimu Seif hakujua amshukuru au amwonee huruma.

"Fundi," akasema Mama Mwanahawa. "Ibara ya kumi na moja inasemaje?"

"Inahusu uchaguzi, Mama."

"Najua inahusu nini. Tusomee."

Nikatafuta ukurasa (naujua kwa kidole) na nikasoma mbele ya wote kwamba viongozi watachaguliwa kwa kura ya siri. Maneno hayo niliyapanga herufi mwenyewe. Niliposoma neno "siri" kuna mtu alikohoa, na masikio yangu yakawaka moto mpaka nikahisi wanauona.

"Ahsante. Uchaguzi umefutwa. Chitanda, chukua daftari la mtu yeyote, chana karatasi, tunarudia. Karatasi tupu. Fundi, wewe kaa huku karibu na chupa za chai."

Wakarudia. Ilichukua dakika kumi, karatasi zimechanika vibaya, nyingine pembe tatu, Chitanda akahesabu kwa kuzirusha kwenye marundo mawili, na Mwalimu Seif akashinda kwa kura mbili. Bi. Asha alipiga kigelegele kuliko wote. Kama alibadilisha kura yake, mumewe hajui mpaka leo, na namwona anavyoteseka.

Kisha Mama Mwanahawa akasema, "Ajenda namba saba."

Niliomba iahirishwe. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba huenda si siku nzuri. Akanijibu kuwa ajenda haichagui siku, nitoke nje.

Nikasimama barazani. Nilisikia kiti kikiburutwa, kisha kicheko, kisha kimya. Watu wale nilikuwa nimewaaibisha nusu saa tu iliyopita, na miaka yangu tisa ya visima ilikuwa inaandikwa ndiyo au hapana kwenye vipande vya karatasi iliyochanwa. Nilihesabu matofali ya ukuta wa mbele. Yalikuwa mia mbili na nane nilipoitwa.

Chitanda ndiye aliyesoma. Zilihitajika kura ishirini na nne. "Ndiyo, ishirini na tano," akasema. "Hapana, kumi na moja. Karibu, mwanachama kamili. Umepita kwa kucha." Wakapiga makofi, Mwalimu Seif akanishika mkono kwa mikono yake miwili, Bi. Asha akaniambia, "Sasa nawe utaonja kura," na nikatabasamu huku ndani yangu sauti moja ikisema: kumi na moja ni kina nani?

Na shetani hakosi kazi, kwa kuwa mimi ndiye ninayetunza nyaraka, Chitanda alinikabidhi bahasha yenye vile vipande vyote. Jumatatu nilikuwa navyo mezani karakanani. Mwandiko wa kila mwanachama naufahamu, nimejalidi kazi zao zote. Herufi moja tu ingenitosha. Nilikaa na ile bahasha, nikaifungua, nikaona "hapana" ya kwanza, herufi ya mwanzo ina mkia ninaoufahamu kabisa, nikafumba macho haraka. Nikakagua katiba mara mbili kama inasema vitunzwe. Iko kimya. Nikaviweka vyote chini ya kisu cha kukatia karatasi nikavikata mpaka vikawa unga, na siku hiyo hakuna kitabu cha mteja kilichoguswa.

Ule mkia niliouona nimejitahidi kuusahau, nakaribia kufaulu. Siku hizi kwenye vikao nawamiminia chai wote thelathini na sita, na kwa kuwa sijui kumi na moja ni wepi, imenilazimu niwe mwema kwa kila mmoja, kazi ambayo nimegundua haichoshi nilivyodhani. Mama Mwanahawa juzi alinigusia habari za uchaguzi ujao. Nimemwambia nitafagia ukumbi, nitapanga viti, nitaosha vikombe, ila kura za watu sizigusi tena. Siku hiyo nitakuja kupiga yangu, niikunje mara nne, niitumbukize, niende nyumbani.