Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Nakwambia, ni soda iliyonirudisha utotoni. Juzi tulikuwa tunapokea mahari ya binti wa kaka yangu, pale nyumbani kwetu Mbeere, huku chini kwenye joto la Embu. Ilipofika saa ya baba kuonjeshwa, msichana akaletewa glasi ya soda nyekundu, akapiga funda, akampa baba yake. Baba akanywa. Vigelegele, makofi, basi, binti ameolewa! Babu mdogo, yaani ndugu mdogo wa marehemu babu yangu, alikuwa ameketi kiti cha mbele na beji ya mzee wa kanisa kifuani. Akamaliza soda yake, akacheua, akasema, "Hii ni safi. Haina shida na mtu." Mimi nikasikia hasira imenipanda mpaka masikioni, na sikujua nimkasirikie nani.

Maana kwenye uwanja huo huo, nikiwa mtoto, niliona jambo ambalo mpaka leo linanichanganya kichwa.

Nililelewa pale na babu na shosho, yaani bibi yangu, wazazi wangu wakiwa kazini Embu mjini. Kama hujafika kwetu, usidhani Embu yote ni majani ya chai na sweta. Kwetu ni jua, vumbi jekundu, migunga, mbuzi wenye njuga shingoni, na mtama uliotufanya sisi watoto kuwa askari wa ndege. Asubuhi tulipanda kichanja katikati ya shamba na kombeo zetu, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Jua likishakuwa kali, shosho alituletea uji wa wimbi, mchachu wa kukunja uso. Uji ule, wacha tu! Siku hizi nauonja hotelini wakiuita wa kienyeji, na nawaambia kabisa kwamba wananidanganya.

Babu alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye migunga mpaka karibu na mto. Siku ya kurina asali alipanda na mwenge wa moshi, akiimba pole pole, eti nyuki hawapendi mtu wa haraka. Sisi tulingoja chini na sufuria, mate yakitutoka. Masega yaliyobaki tuliyatafuna mpaka taya zikauma.

Lakini asali ya kwetu haikuwa ya kupaka mkate. Mkate upi? Ilikuwa ya kupikia muratina, pombe ya wazee, na bila muratina hakukuwa na mahari wala baraza la kusuluhisha watu. Kabla sijazaliwa, babu ndiye aliyeipika kuliko wote na ndiye aliyeinywa kuliko wote. Kisha akaokoka, kwenye mkutano wa injili uliofanyika uwanja wa soko. Alirudi nyumbani, akatoa mitungi yake nje, akamwaga yote, na tangu hapo hakumuuzia asali mpika pombe yeyote. Sasa niambie, ni nani mwingine angenunua asali debe zima? Nyumba ikajaa asali ikakosa kila kitu kingine. Tulikwenda shule miguu mitupu, midomo mitamu. Majirani walimcheka, "Yesu ndiye mteja wako siku hizi?" Naye alijibu, "Ndiye. Na hajawahi kunipunja." Nilimwona kama mtu anayetunyima viatu kwa makusudi.

Halafu ikaja zamu ya shangazi yangu, kitinda mimba wa babu. Huyu ndiye aliyenisuka nywele na kunifundisha kurusha kombeo. Nilimpenda kupita kiasi. Alipata mchumba, kijana mpole wa Kanyakine, upande wa Meru, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya ngano kule Timau. Mbuzi walishaletwa, mazungumzo yakaisha vizuri, na siku ya mwisho wakaja na kibuyu cha kufunga.

Nikueleze kibuyu hicho. Msichana huitwa mbele ya wazee, akaulizwa kama pombe hii inywewe. Akikubali, anapiga funda moja na kumpa baba yake. Baba akinywa, ameolewa. Baba asipokunywa, kibuyu kinarudi kilikotoka kikiwa kimejaa, na kibuyu kilichojaa hakifichiki njiani: kila anayekiona anajua binti amenyimwa. Hata akienda kuishi na huyo mwanamume, ukoo humhesabu kama mtu aliyepotea tu.

Shangazi alikuwa amevaa kitenge cha njano. Akapiga funda, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili. Babu akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, nimekubali. Kijana huyu nimemkubali mbele ya Mungu na mbele ya watu wote hawa. Lakini hiyo sinywi."

Ee, uwanja ulivurugika! Babu mdogo akaruka kutoka kitini. "Nani amesema unywe? Lowesha mdomo tu, mtoto aolewe!" Wageni wakaanza kutazamana. Mwinjilisti wetu alikuwepo, aliitwa kufungua kwa maombi, naye akamnong'oneza babu kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mzee, Bwana huangalia moyo. Funda moja la mila si dhambi." Si ndiye huyu aliyetuambia Jumapili kwamba tone moja tu ni mlango wa jehanamu? Babu akamjibu bila kupandisha sauti, "Wewe ulinihubiria. Hukunifia."

Akaingia nyumbani, akatoka na kikombe cha maji aliyokoroga asali. "Hii nitakunywa mpaka chini. Ni asali ile ile." Babu mdogo akacheka kwa dharau. "Hayo ni maji ya watoto." Wageni wakanyanyua kibuyu chao, wakaondoka nacho, na wakati huo wote shangazi alikuwa bado amepiga magoti, mikono imenyooka mbele haina kitu. Nilimchukia babu siku hiyo. Nilimchukia, na jioni alipotuongoza kusali nilifumba macho nikakataa kusema amina.

Siku chache baadaye tulikuwa na shosho tukichagua ndengu. Nikamuuliza, kwani kulowesha mdomo kungemuua? Akavuta mkono wa gauni, akanionyesha kovu refu nililozoea kuliona bila kuliuliza. "Kwa babu yako hakuna kuonja," akasema. "Hili aliniachia siku aliyosema anaonja tu." Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Sasa babu alikuwa anamtii Yesu, au alikuwa anajiogopa? Na shangazi alikuwa na kosa gani hata alipe yeye? Nikamuuliza shosho hivyo hivyo. Akasema, "Chagua ndengu."

Shangazi hakungoja. Wiki ile ile alifunga nguo zake, akaenda Timau kwa mchumba wake. Babu alimsindikiza mpaka barabarani. Shosho alikataa kutoka jikoni. Walifunga ndoa kanisani huko huko, na ukoo wetu haukutuma hata mtu mmoja. Miaka ikapita bila shangazi kukanyaga kwetu. Babu alipozikwa alikuja, wakwe wakaitwa mmoja mmoja kutambulishwa, na mume wake hakutajwa.

Ndiyo maana juzi soda ilinikaba. Nikamtafuta shangazi kwenye tenti. Naye sasa ni shosho wa watu, amejifunga shuka kwa mazoea ya baridi ya Timau ingawa tulikuwa tunaungua. Soda yake ilikuwa mkononi, haijaguswa. Nikamwambia, "Shangazi, huna hasira? Kama soda inatosha, maji ya asali yalikosa nini?"

Akacheka. Akaniambia kwamba ile asubuhi ya kuondoka, walipofika barabarani, babu alitoa kwenye koti chupa ya dawa aliyoijaza maji ya asali. Akamwambia, "Nipe kama ulivyonipa siku ile." Shangazi akapiga magoti vumbini, akapiga funda, akampa. Babu akanywa mpaka tone la mwisho, akalamba na kifuniko. "Mimi niliolewa pale barabarani," shangazi akasema. "Ni vile tu nyinyi hamkualikwa."

Nikafurahi mpaka machozi yakanilenga. Kisha nikauliza swali ambalo pengine ningeliacha: mbona basi alikaa miaka yote ile bila kuja? Kicheko kikamfutika usoni. "Kwa sababu nilitaka anywe ile nyingine," akasema. "Kovu la mama nililijua. Nilijua akilowesha mdomo tu, amerudi kule. Na bado nilitaka anywe, kwa ajili yangu. Yeye akamchagua Mungu wake." Akaiweka soda chini. "Na siku hizi nasali kwa huyo huyo Mungu."

Nikainuka, nikasema nitamtafutia asali nimkorogee maji. Nikapita boma hadi boma. Migunga mingi imeishia kuwa makaa, mizinga ya babu ilioza zamani, na jirani akanishangaa, "Asali? Hiyo si ni ya supamaketi, huko Embu?" Nikarudi na kikombe cha maji matupu.

Shangazi akakipokea, akapiga funda moja. Kisha akaninyooshea kwa mikono miwili, kama siku ile. Nikanywa yote, na mpaka sasa sijui nilikuwa nakubali nini.