Maua ya Wifi Yangu

Mama mkwe wangu alikuwa mwepesi wa kupiga, na kilichompandisha wazimu zaidi ni maua. Maua, jamani! Meupe, yanatoka bondeni mvua zikishika, kila shina na kiazi chake chini. Zamani yalijaa mabonde ya Nachingwea, mpaka matrekta ya Wazungu wa mradi wa karanga yakaja kung'oa miti na kuvuruga ardhi yote. Wifi yangu aliyawahi machache, akayahamishia kwetu Nandagala, bondeni chini ya shamba la mpunga. Kisha akafa kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Basi mama yake akabaki na yale maua tu.

Aliyalinda kwa panga. Mbuzi aliyetia mguu pale alirudi kwao hana sikio. Mtu akikata nyasi alitukanwa yeye na ukoo wake. Moto ndio usiseme: kiangazi, watu wakichoma nyasi kuwinda panya, yeye alishinda bondeni akiwavurumishia mawe. Nyasi zikarefuka, zikalaliana, na kila mwaka maua yakapungua. Mwisho likatoka moja. Alilipigia magoti akilia, nami nikamwonea huruma, ingawa mgongo wangu ulikuwa na alama za fimbo yake.

Kiangazi kile nilikuwa nachoma mabua shambani, upepo ukageuka. Kufumba na kufumbua, bonde zima linawaka. Mama mkwe akaja mbio na mchi.

"Umemuua mwanangu mara ya pili!"

Akanitwanga bega, akanitwanga mbavu. Nilipoinua mkono wa kulia kukinga uso, mfupa ukalia ko! Nami si malaika: nilimng'ata kidole mpaka nikaonja damu. Mume wangu alituachanisha kwa mateke. Mkono ulifungwa vijiti, ukaunga kombo, vidole visishike tena. Tukawa tunapika jiko moja bila kusemezana.

Mvua ziliponyesha akaniita kutoka bondeni, "Wee, njoo!" Nikaenda na mwiko, nikijua ni vita.

Bonde lilikuwa jeupe. Kumbe viazi vilikuwa hai chini, nyasi ndizo zilizovinyima jua. Mama mkwe alisimama katikati ya maua. Nilifurahi, na nilimchukia, vyote kwa pamoja. Pole hakunipa.

Kiangazi kilichofuata aliingia jikoni, akachomoa kijinga cha moto, akaninyooshea.

"Nenda kamchomee wifi yako nyasi."

Nikakipokea kwa mkono wa kushoto.