Ndoo Iliyowekwa Cape Town

Mimi sipendi kuchunguliwa begani nikiwa kazini, na shangazi yangu wa Ipole hajui kukaa pengine. Yeye ni mwenyekiti wa warina asali, na mimi ndiye niliyewawekea kumbukumbu zao mtandaoni: kila ndoo na kambi ya porini ilikotoka. Nazifikia kwa kuandika amri kwenye kidirisha cheusi cha kompyuta, jambo ambalo shangazi anaona ni la mtu aliyekosa shughuli.

Asubuhi moja nilikuwa naweka mipangilio kwenye laptopu mpya. Programu ikauliza itumie kituo cha kuhifadhia data cha wapi. Shangazi akaona Cape Town kwenye orodha.

"Weka hapo hapo. Dada yako yuko huko, atakuwa anatuangalizia."

Binti yake anasuka nywele Cape Town, na hajarudi tangu aondoke. Nikaeleza kwamba dada hawezi kuangalizia chochote. Shangazi akaivuta chai yangu upande wake. Nikaandika Cape Town.

Mchana mnunuzi akafika na gari, akataka kujua kila ndoo imetoka kambi gani, la sivyo habebi. Hiyo ilikuwa asali ya msimu mzima. Nikaamuru majedwali yaletwe, nikaletewa mabano matupu, yaani hakuna kitu. Nikarudia. Matupu. Jasho likanitoka, na mnunuzi akaanza kupapasa funguo.

"Kwetu mgeni haondoki bila kula," shangazi akamwambia, huku akinikata jicho. Nikajua nimepewa muda wa ugali na kuku ambaye bado anakimbia uani.

Kuku yuko sufuriani ndipo nikakumbuka. Majedwali yetu niliyaunda zamani kwenye kituo cha Ireland, na mimi nakazana kuyaulizia Cape Town! Nikarudisha Ireland, ndoo zote zikajipanga kwenye skrini. Mnunuzi akapakia asali, akaondoka ameshiba.

Jioni nikamtania shangazi kwamba huko kwa dada hakuna kitu chetu. Nilidhani atacheka. Akabaki anafuta mfuniko wa ndoo moja ya asali aliyokuwa ameificha jikoni.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, shangazi."

"Basi iandike hii huko. Akija aikute."

Roho iliniuma. Nikaunda jedwali Cape Town, la ndoo moja tu. Nilipofika kwenye nafasi ya mnunuzi nikamuuliza nijaze nini.

"Andika haiuzwi," akasema, akanisogezea chai.