Kocha Aliyekuja Kama Mshenga

Siku moja naikumbuka kwa harufu ya zafarani, mwanangu Haitham. Bibi yako alikuwa jikoni tangu asubuhi, fleti yetu ya ghorofa ya nne hapa Barking, London, ikanukia biriani mpaka kwenye lifti, kwa sababu kocha kutoka Marekani alikuwa anakuja kunitazama. Nikisimulia hivi moyo bado unaniruka! Na wewe, tangu utuambie kwamba Jumamosi kocha wa chuo cha Marekani anakuja nyumbani kukutazama, hukai kitako. Usidhani sikuoni, maana mimi pia sikai. Lakini tulia kidogo nikueleze kosa langu, ulikwepe.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Vijana wa London wakati ule walikuwa wameingiwa na mapenzi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la papai dogo. Mimi nilicheza soka tu, mpaka Jumapili moja wenzangu wakaniwekea ule mpira wao chini, wakaniambia niupige teke. Nikaupiga. Ukapita juu katikati ya nguzo, ukaenda kuangukia barabarani. Walipiga kelele kama wazimu. Kumbe katika timu zao kuna mtu ambaye kazi yake ni kupiga teke tu, kisha anarudi kukaa. Kazi gani tamu kama hiyo? Haukupita mwaka, habari zangu zikamfikia Dani, kocha msaidizi wa chuo kimoja kikubwa kule.

Sasa mama, mtu wa Pemba, alijua namna moja tu ya kumpokea mgeni anayekuja kuomba mtoto wa watu, nayo ni posa. Akamwita mjomba wangu avae kanzu na kofia. Dani, masikini, alikula sahani mbili, akala halua, akanywa kahawa akakunja uso, kisha akasema chuo kitanilipia masomo, malazi na chakula. Mama akajibu kwa adabu zote, "Tumeridhia. Mtoto ni wenu." Nikatafsiri. Dani akampa kila mtu mkono, akasema barua ya kutia saini itakuja baadaye. Bi harusi, mwanangu, ndiye mimi, na masharubu yangu.

Na kwetu posa ikishajibiwa, mwengine hasikilizwi. Wiki mbili baadaye akabisha mzee mmoja mwenye mvi, jina lake Wolta, kocha mkuu wa chuo kidogo cha kulekule Marekani. Alikuwa amelowa mvua chapachapa. Mama akaniambia kutoka jikoni, "Mwambie kwa heshima kwamba tumeshatoa jibu." Ile heshima mimi niliiacha jikoni. Nilisimama mlangoni, nikacheka, nikamwambia, "Umechelewa, bwana. Mimi nimeshachukuliwa." Sikumkaribisha hata maji. Akaniwekea kadi yake mkononi, akashuka zake, nami nikaitupa kwenye pipa.

Mambo yakageuka kabla barua ya Dani haijafika. Wakubwa wa mchezo ule walibadilisha sheria: makocha wapunguzwe, na nafasi za kulipiwa masomo zipunguzwe pia. Dani akapiga simu. Yeye mwenyewe kazi ilikuwa imekwisha.

"Na kocha mkuu?" nikamuuliza.

"Kocha mkuu ana mpiga teke wake," akasema. "Wewe hajawahi kukuona. Nisamehe."

Sikuwa na la kumlaumu. Lakini mimi nilikuwa nimeshakataa nafasi ya chuo hapahapa London, dua ya safari ilikuwa imeshasomwa, majirani walikuwa wamekuja kuniaga, na sanduku lilikuwa limefungwa. Nilibaki sina chuo Marekani wala Uingereza. Nilijifungia chumbani nikalia, na sioni haya kukwambia.

Mama aliingia. Hakunibembeleza hata kidogo.

"Tumemkirimu mshenga," akasema, "tukasahau kuuliza bwana harusi yuko wapi. Hilo kosa langu mimi. Lakini yule mzee aliyelowa mvua umemfukuza wewe. Mpigie simu."

"Mama, naona haya."

"Basi mpigie huku unaona haya."

Akanitolea ile kadi chini ya vikombe vya kahawa kabatini. Alikuwa ameiokota kwenye pipa siku ileile, wala hakuniambia.

Nikapiga, nikaanza kwa kuomba radhi. Wolta alicheka mpaka akakohoa. Akasema yeye pia wasaidizi wake wamepunguzwa, sasa mipira anaibeba mwenyewe, na vijana walioachwa na vyuo vikubwa wamejaa mlangoni kwake. "Siahidi kitu," akasema. "Mwezi ujao niko London. Nipigie teke nikuone." Hapo nikamuuliza nisilowahi kumuuliza Dani: "Na wewe ukiondolewa, nani atanijua?" Wolta akasema, "Ukiniridhisha, utapata barua ya chuo, si ya kwangu."

Alikuja kweli. Uwanja ulikuwa matope matupu, na mama alisimama pembeni na mwavuli na chupa ya chai, safari hii amemmiminia Wolta kikombe kabla hajamwambia habari gani. Teke la kwanza likaenda kombo. La pili likapita, la tatu likapita, na la mwisho, la mbali kuliko yote, lilipovuka zile nguzo mama akapiga vigelegele vya harusi, watu na mbwa wao wakageuka wote! Barua ilipofika niliisoma kila mstari kabla ya kutia saini. Mwaka wa pili Wolta aliondoka, na mimi nikabaki nikamaliza masomo yangu.

Sasa ni zamu yako ya kupiga teke, mwanangu, na sheria zimebadilika tena. Wachezaji wanahama chuo hadi chuo bila kukaa nje msimu mzima, wasaidizi wanaoruhusiwa kufundisha wameongezeka, na idadi ya wachezaji katika kikosi imewekewa kikomo. Anayekutaka leo anaweza kuwa kwengine kabla hujafungua sanduku, na nafasi yako akaichukua mtu mzima aliyehamia jana. Furahi, wallahi furahi, mimi nitafurahi kukushinda! Lakini ukishamlisha kocha, muulize nani atakuwepo yeye asipokuwepo, na jibu ulione limeandikwa. Chagua chuo ambacho ungekaa kusoma hata mguu ukikataa. Na mlangoni petu asisimamishwe mtu tena.

Mwenyezi Mungu akupe mguu wenye afya na moyo uliotulia, akuweke penye watu watakaokuthamini hata aliyekuleta akiondoka. Amin. Biriani ya Jumamosi napika mimi. Na akibisha mwengine siku hiyo, fungua wewe, umkaribishe ndani.