Sista Majani na Watoto Waliopapasa Kuta

Alizaliwa mwaka 1934, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga, katika vyumba viwili nyuma ya soko. Alipenda kuokota majani chini ya meza za wauza mboga na kuyalinganisha, hata mama yake akamtania, "Mwanangu, wewe utaolewa na mchicha." Hakuolewa. Alisomea sayansi ya mimea, kisha akaweka nadhiri katika shirika la masista waliolea yatima, na masista wenzake wakamwita Sista Majani, mwanzoni kwa kumcheka.

Katika makao ya yatima hao aliona jambo lililomnyima raha. Jua likizama, watoto walipapasa kuta na kujikwaa vizingitini. Walezi walisema ni utundu. Yeye alitambua kuwa macho yao yana njaa, kwa kuwa walikula uji mweupe kutwa, bila mboga za kijani wala boga, vyakula vyenye vitamini inayosaidia macho kuona gizani. Akaomba bustani ya maua ya mbele ya kanisa ilimwe mboga. Mama Mkuu akakataa: "Sista, hawa si mbuzi. Na askofu anakuja." Alitii, ingawa alilia kanisani hadi kitambaa chake kikalowa. Kisha akasafisha jalala la nyuma, akachanganya udongo na samadi, akapanda mchicha na maboga.

Mpishi naye akamfungia mlango: "Jikoni kwangu magugu hayaingii." Lakini jioni moja binti wa mpishi huyo, aliyekula uji uleule wa yatima na asiyeona mbele yake, aliparamia sufuria ya moto, nusura aungue. Kesho yake mpishi mwenyewe alikuja bustanini.

"Sista, majani haya yanapikwaje?"

"Tia mafuta kidogo na karanga, mwili upate kuipokea hiyo vitamini. Utamu utie wewe, dada yangu. Mimi kupika sijui."

Majuma yakapita, Sista akisali na kupalilia. Ndipo jioni moja binti yule akavuka ua mbio, hajashikwa mkono na mtu, akipiga kelele, "Mama, nakuona! Nakuona mpaka hereni!" Mpishi akapiga magoti palepale kwenye maganda ya viazi. Mama Mkuu, aliyekuwa barazani, alishuka uani. Alichukua jembe akaenda kung'oa maua mwenyewe.

Miaka iliyofuata Sista alipanda miti kwenye mteremko uliokuwa ukimomonyoka, na kijito kilichokuwa kimekauka kikatiririka tena. Watu walipoyaita hayo yote muujiza wake, alijibu, "Mungu alikwisha kuiweka dawa katika jani. Sisi tulikuwa tukiikanyaga."

Alifariki mwaka 1998, akiwashukuru wote waliowahi kumlisha. Jeneza lake lilibebwa na watu wazima ambao zamani walipapasa kuta. Waamini, tumwige kwa jambo lililo ndani ya uwezo wetu: tukiketi mezani, tushukuru kwa kila kilichoota, kisha tumpakulie kwanza mtoto asiye wetu.